Grace Hopper, bibi aliyegawa madesa ya kompyuta

Kila darasa la chuo lina watu wa aina mbili. Yupo yule mwenye desa zuri ambaye akikuona unakuja analifunika kwa daftari jingine. Na yupo yule ambaye jioni ileile ya lekcha desa lake limeshafika kwenye grupu la darasa, na wiki ya mtihani linasomwa hadi na watu asiowajua. Desa la namna ya pili huwa linaishi. Mwaka wa tatu wanaliacha, mwaka wa pili wanalipokea, kila mmoja anaongeza kidogo. Shida yake tunaijua wote: likinakiliwa mara nyingi, makosa nayo yananakiliwa. Alama ya kutoa inageuka ya kujumlisha, na kosa la mtu mmoja linakuwa sapu ya watu kumi.

Ukiingia lab ya kompyuta leo, sehemu kubwa ya unachokigusa imejengwa kwa utaratibu wa desa hilo la pili. Inaitwa programu huria. Mtu anaandika programu, anauacha wazi msimbo wake, yaani maandishi yenyewe ya ndani yanayoiendesha, halafu anasema: chukueni, tumieni, mkiona kosa rekebisheni na mnirudishie. Wengi wetu tunadhani haya ni mambo ya vijana wa juzi wa intaneti. Kumbe mwaka 1953, TANU yenyewe haijazaliwa, kuna mama mmoja mjini Philadelphia, Marekani, alikuwa ameshafanya hivyo na wenzake. Jina lake ni Grace Hopper. Wanaosoma kompyuta wamelisikia kwenye slaidi moja ya lekcha ya kwanza, pamoja na kile kisa cha mdudu. Maisha yake yana mengi zaidi ya mdudu.

Saa saba za kengele

Alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906, akaitwa Grace Brewster Murray, mtoto wa kwanza kati ya watatu. Baba yake alifanya kazi ya bima. Mama yake alipenda sana hesabu. Alipokuwa na umri wa miaka saba alitaka kujua saa ya kengele inafanyaje kazi, akaifungua. Vyuma vikamwagika, kuirudisha akashindwa. Akafungua ya pili ili aone ya kwanza ilikuwaje. Mama yake anakuja kushtuka, saa saba za nyumbani zimeshakuwa vipande. Adhabu aliyopewa ilikuwa ya busara: kuanzia siku hiyo ana ruhusa ya kuchokonoa saa moja tu.

Baba yao alipatwa na maradhi ya mishipa ya damu, ikabidi akatwe miguu. Akawa na wasiwasi kwamba hataacha mali ya kuwatosha watoto, na akaona kitakachowalinda mabinti zake ni elimu, kama tu mtoto wa kiume. Kwa Marekani ya wakati ule hilo halikuwa jambo la kawaida.

Hapa mwanachuo asikilize vizuri. Grace alipoomba kuingia chuo cha Vassar akiwa na miaka 16, alikataliwa. Hesabu alikuwa anazijua. Kilichomwangusha ni mtihani wa Kilatini. Lugha! Binti anayeweza hesabu amekwama mlangoni kwa sababu ya lugha ambayo hakuna mtu anayeizungumza nyumbani kwao. Alirudi kujipanga, mwaka uliofuata akapita, na mwaka 1928 akamaliza Vassar kwa hesabu na fizikia. Akaenda Yale, akapata shahada ya uzamili mwaka 1930 na ya uzamivu wa hesabu mwaka 1934. Mwaka 1930 aliolewa na Vincent Hopper, mwalimu wa chuo kikuu, na jina la Hopper likabaki naye hata baada ya wawili hao kuachana mwaka 1945.

Tangu mwaka 1931 alikuwa akifundisha hesabu palepale Vassar. Wanafunzi wake walikuwa wanashangaa kupewa insha kwenye somo la hesabu, na insha yenyewe inasahihishwa hadi uandishi. Wakilalamika, anawajibu kwamba kujua hesabu bila kuweza kumweleza mwenzako ni kazi bure. Shikilia hilo, maana ndilo lililomwongoza maisha yake yote.

Daftari za kuazimana

Vita Kuu ya Pili ilipoifikia Marekani, Grace alitaka kwenda Jeshi la Majini, alikotumikia babu wa mmoja wa wazazi wake hadi kuwa admirali. Jeshi likamwona amezidi umri, na uzito wake ulikuwa pungufu karibu kilo saba. Zaidi ya hapo, mwalimu wa hesabu alihesabika kuwa mtu anayehitajika zaidi uraiani. Akasumbua mpaka akapewa ruhusa maalumu. Desemba 1943 akaingia jeshi la akiba la wanawake, mafunzo akayamaliza akiwa wa kwanza, na katikati ya mwaka 1944 akatumwa Chuo Kikuu cha Harvard kwenye mradi wa mahesabu wa jeshi chini ya profesa Howard Aiken.

Huko alikutana na Mark I. Usifikirie laptopu. Ilikuwa mashine ya urefu wa zaidi ya mita 15, uzito wa karibu tani 5, yenye vipande zaidi ya 750,000, inayopiga kelele kama kiwanda. Iliweza kujumlisha mara tatu tu kwa sekunde. Simu ya bei rahisi kabisa uliyonayo mfukoni ingeiaibisha. Lakini mwaka 1944 palikuwa na mashine chache sana duniani za kulinganisha nayo.

Kuiambia Mark I ifanye nini, ulitoboa matundu kwenye utepe wa karatasi, kila amri kwa namba zake. Ukikosea tundu moja, hesabu yote imekwenda. Grace na wenzake wawili waliomtangulia, Robert Campbell na Richard Bloch, wakagundua kwamba vipande fulani vya kazi vinajirudia: kutafuta kipeuo, kutafuta sini ya pembe, na kadhalika. Kwa hiyo kila mmoja akawa na daftari la vipande vilivyokwisha kujaribiwa, na mwenzake akihitaji anaazima na kunakili. Kwa lugha yetu walikuwa wanadeseana. Na yaliyotupata sisi yaliwapata wao: mtu akinakili anakosea. Namba nne inageuka kitu kingine, anwani ya kumbukumbu inasahauliwa kubadilishwa. Grace aliona kwa macho yake kwamba watu wenye akili sana ni wanakilishaji wabovu sana. Hilo halikumtoka kichwani.

Kazi nyingine aliyopewa ni kuandika kitabu cha maelekezo ya ile mashine. Hakujiona mwandishi, lakini mkubwa wa kazi keshasema. Kitabu kikatoka mwaka 1946 kikiwa na kurasa zaidi ya 500, kinaeleza mashine ilivyo na namna ya kuitumia. Kwa mara nyingine mwalimu wa insha za hesabu alikuwa kazini.

Haifai kuficha kwamba kazi ile ilikuwa ya vita. Mwaka 1944 alikuja pale mtaalamu John von Neumann na hesabu ngumu za mlipuko unaobana kuelekea ndani. Bloch na Grace wakasaidia kuziweka kwenye mashine bila kuambiwa ni za nini. Baadaye ndipo walipojua kuwa zilihusu bomu la atomiki. Mwandishi wa programu anaweza kufanya kazi safi kabisa bila kujua inaishia mkononi mwa nani. Swali hilo lipo hadi leo, na ukimaliza chuo ukapata ajira utakutana nalo.

Na mdudu je? Septemba 1947, kwenye mashine iliyofuata, Mark II, mafundi walikuta nondo amebanwa kwenye swichi na kusababisha hitilafu. Nawazungumzia nondo wale wadudu wanaoruka usiku, si nondo za kumwaga zege. Wakambandika kwenye daftari la kumbukumbu za kazi, na daftari hilo limehifadhiwa kwenye makumbusho ya taifa ya Marekani. Watu husema Grace ndiye aliyemkamata na ndiye aliyeanzisha kuita kosa la programu mdudu. Yote mawili si kweli. Neno hilo mafundi walikuwa wanalitumia tangu zamani, ndiyo maana walicheka kumpata mdudu halisi. Grace alikuwa msimuliaji hodari tu, na kisa kikaganda kwenye jina lake.

Kuanguka na kuinuka

Tukisoma maisha ya wakubwa huwa tunarukia medali. Mwaka 1949 Grace hakuwa na medali yoyote ya kumsaidia. Ndoa ilikuwa imekwisha. Vassar walishamtaka arudi kufundisha akakataa, na Harvard, ambako alikuwa na mkataba tu wa utafiti, hapakuwa na nafasi ya kudumu kwake. Alikuwa na umri wa miaka 42 na alikuwa anakunywa sana. Mwaka huohuo aliishia mikononi mwa polisi kwa ulevi. Marafiki walimkalisha chini wakamwambia ukweli. Hatuandiki haya kumdhalilisha marehemu. Tunayaandika kwa sababu kila muhula tunaye mwenzetu anayezama kimyakimya huku tukimpigia makofi kwa GPA yake.

Alichokishika ili ainuke ni kazi mpya. Alijiunga na kampuni ndogo ya Philadelphia iliyoanzishwa na Eckert na Mauchly, waliokuwa wanajenga UNIVAC, kompyuta ya kwanza kuuzwa kibiashara nchini Marekani. Mwaka 1950 kampuni ikanunuliwa na Remington Rand. Ni hapo ndipo alipolirudia tatizo la kudeseana.

Wazo lake ukilieleza leo linaonekana dogo. Vile vipande vya programu vilivyokwisha kujaribiwa viwekwe kwenye utepe wa sumaku, kila kimoja kipewe namba yake ya kuitwa. Mwandishi wa programu aandike orodha tu: nataka namba hii, kisha hii, kisha hii. Mashine yenyewe iende kuvitafuta, ivinakili, irekebishe anwani, iviunganishe viwe programu moja. Kwa maneno mengine, kazi ya kudesa apewe yule asiyekosea kunakili. Akaiita kompaila, kwa maana ya kukusanya. Kompaila yake ya kwanza, A-0, ilifanya kazi mwaka 1952. Kompaila za leo zinafanya zaidi ya hapo, lakini mlango ulifunguliwa hivyo.

Palikuwa na kizingiti kimoja. Kompaila ilipita orodha mara moja tu, mwanzo hadi mwisho. Sasa amri ikisema ruka uende sehemu ya mbele ambayo bado haijafikiwa, anwani yake utaijuaje? Grace alipata jibu kwenye mpira wa kikapu aliocheza enzi zake za usichana. Kwa sheria za wanawake wa wakati ule huwezi kukimbia na mpira utakavyo, kama dada zetu wa netiboli. Unampasia mwenzako, unakimbia mbele, naye anakurudishia. Basi akafanya vivyo hivyo: amri inaruka kwanza kwenye kona maalumu ya kumbukumbu, inasubiri pale, na ile sehemu ya mbele ikishapata anwani, inaunganishwa na kona ile.

Unadhani walimshangilia? Hapana. Mwenyewe alisimulia kwamba kompaila ilikuwepo na inafanya kazi, lakini watu hawakutaka kuigusa. Wakubwa walishaaminishwa kwamba kompyuta inafanya hesabu tu, haiwezi kuandika programu. Na baadhi ya waandishi wa programu hawakupendezwa hata kidogo. Walikuwa wachache, wanaheshimika kama waganga wanaozijua dawa peke yao. Ukirahisisha kazi yao, ule uganga utabaki wapi? Ndiyo yale ya kufunika desa kwa daftari.

Grace alijibu kwa kufungua zaidi. Toleo la A-2 lilipokamilika mwaka 1953, wateja wa UNIVAC walipewa pamoja na msimbo wake, wakaalikwa kurudisha maboresho yao. Kampuni ilikuwa inapata hela kwa kuuza mashine, na mashine zenyewe zilikuwa chache, nyingi kwenye ofisi za serikali na makampuni makubwa. Lakini utaratibu ni huuhuu tunaouita leo programu huria: chukua, soma ndani, rekebisha, rudisha. Jina lenyewe la programu huria kwa Kiingereza lilikuja kubuniwa mwaka 1998, yeye akiwa ameshafariki miaka sita.

Kompyuta haina lugha ya mama

Hatua iliyofuata ndiyo inayonigusa zaidi kama mtu ninayeota kwa Kiswahili na kufanya mitihani kwa Kiingereza. Grace aliona kwamba kompaila imewasaidia wanahesabu, lakini wahasibu, watu wa mishahara na watu wa stoo bado wako nje. Hao hawapendi alama za kihesabu, wanapenda maneno. Kwa nini wasiiandikie mashine kwa maneno? Linganisha hiki na kile, hamisha hiki, andika hiki, simama.

Katikati ya miaka ya 1950 timu yake ikatengeneza mfano mdogo wa kuwaonyesha wakubwa ili watoe bajeti. Programu fupi, amri zake kwa maneno ya Kiingereza, mashine ikatii. Kisha, ili kuonyesha kwamba jambo ni rahisi, wakabadilisha maneno yakawa ya Kifaransa. Mashine ikatii. Wakaweka ya Kijerumani. Ikatii tena. Yeye alidhani wakubwa watafurahi. Kumbe wametaharuki: kompyuta iliyotengenezwa Pennsylvania, Marekani, itajuaje Kifaransa na Kijerumani? Kwa kadiri alivyosimulia, iliwabidi waahidi kwamba mradi utabaki kwenye Kiingereza, na baada ya hapo ikachukua muda mrefu kuwaelewesha.

Kisa kinachekesha, lakini kitazame vizuri. Wakubwa wale waliamini kwamba mashine inajua Kiingereza. Grace alijua kwamba mashine haijui lugha yoyote. Kwake neno ni mfuatano wa alama tu. Ukiiambia kwamba mfuatano huu maana yake ni jumlisha, basi ni jumlisha, uwe wa Kiingereza, wa Kijerumani au wa Kiswahili. Kwamba karibu lugha zote kubwa za programu tunazosoma chuoni zina amri za Kiingereza, ni matokeo ya historia, biashara na bajeti. Hakuna sheria ya umeme inayosema hivyo. Binti aliyekwamishwa na Kilatini mlangoni pa Vassar alikuja kuthibitisha kwamba lugha ya mlangoni huchaguliwa na watu, na watu wanaweza kuchagua nyingine.

Lugha ile iliitwa FLOW-MATIC, na ilikuwa ya kwanza ya aina yake kuwafaa watu wa biashara. Tatizo ni kwamba ilikuwa ya kampuni moja. Kila mtengenezaji alikuwa na mashine yake na njia yake. Ukibadilisha mashine, programu zako zote unatupa unaanza upya. Mei 1959 wakakutana watu wapatao 40 Pentagon, makao makuu ya ulinzi ya Marekani: watengenezaji, watumiaji, serikali. Hoja ilikuwa lugha moja ya biashara kwa mashine zote. Ikaundwa kamati, Grace akiwa mshauri wa kitaalamu, na ikazaliwa COBOL. Si kweli kwamba aliiandika peke yake. Ilikuwa kazi ya kamati, na ndani yake wanawake wengine kama Jean Sammet walifanya kazi kubwa. Lakini babu wa COBOL ni FLOW-MATIC, ndiyo maana watu wakaja kumwita Grace Bibi COBOL.

Desemba 1960 programu ileile ya COBOL iliendeshwa kwenye mashine za watengenezaji wawili washindani, RCA na Remington Rand, ikakubali kote. Na kanuni za lugha ile zilichapishwa wazi, zikieleza kwamba si mali ya kampuni wala kikundi chochote. Unayetaka kutengeneza kompaila yake, tengeneza, taja tu chimbuko. Maprofesa wengi waliicheka COBOL kwamba ina maneno mengi kama barua ya posa. Lakini zaidi ya miaka 60 baadaye bado kuna mabenki makubwa duniani yanayohesabu pesa kwa programu zilizoandikwa kwa lugha hiyo.

Bibi mwenye vipande vya waya

Mwisho wa mwaka 1966 Jeshi la Majini lilimstaafisha kutoka jeshi la akiba. Miezi haikupita mingi, Agosti 1967 wakamwita tena, kwa miezi sita tu, aje aweke sawa lugha za kompyuta za jeshi. Miezi sita hiyo ikawa miaka 19.

Shida aliyoitiwa ni hii: watengenezaji walikuwa wameanza kuipindapinda COBOL, kila mmoja na viungo vyake, ili mteja akishanunua kwao asiweze kuhama. Grace na vijana wake wakaandika programu za kupima kompaila. Ukidai unauza COBOL, tunaiendesha hapa, tuone kama inafuata kanuni za wote. Desa la wazi nalo linahitaji mtu wa kulilinda, la sivyo wajanja watalizungushia ua.

Ofisini alikuwa na saa ya ukutani inayozunguka kinyumenyume, ili kila anayeingia akumbuke kwamba kufanya jambo kwa sababu ndivyo limekuwa likifanywa siku zote si hoja. Akienda kuhutubia alibeba vipande vya waya vya karibu sentimita 30, anavigawa kama pipi. Huo ndio umbali ambao mwanga au umeme hauwezi kuuvuka kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kisha anainua bunda la waya wa karibu mita 300: hiyo ni sehemu moja ya milioni ya sekunde. Majenerali na watoto wa shule walielewa sawasawa kwa nini mashine yenye kasi lazima iwe ndogo, na kwa nini mwandishi wa programu hapaswi kuchezea muda. Yule mwalimu wa insha hakustaafu.

Alipanda kuwa kapteni mwaka 1973 na komodoro mwaka 1983, cheo ambacho mwaka 1985 kilibadilishwa jina akawa admirali. Tarehe 14 Agosti 1986 alistaafu kwa mara ya mwisho juu ya meli ya kihistoria ya Constitution huko Boston, akiwa na miaka 79, afisa mwenye umri mkubwa kuliko wote waliokuwa kazini jeshini. Akaajiriwa tena kama mshauri wa kampuni ya kompyuta, akaendelea kuzunguka na nyaya zake. Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, aliuachia wazi msimbo wa kitu alichokiita Linux, na dunia nzima ikaanza kumrudishia marekebisho. Miezi michache baadaye, tarehe 1 Januari 1992, Grace Hopper alifariki akiwa na miaka 85. Akazikwa Arlington kwa heshima za kijeshi. Jeshi likaipa meli ya kivita jina lake, Yale ikampa moja ya vyuo vyake vya ndani, na mwaka 2016 Rais Obama akamtunuku nishani ya juu kabisa ya raia.

Sisi na madesa yetu

Sasa mwanachuo mwenzangu, usiseme hii ni habari ya watu wa kompyuta tu. Alichofanya Grace Hopper kinaweza kufanywa na mtu wa sheria, wa kilimo au wa ualimu. Aliandika ili mwingine aelewe. Akaachia wazi. Akakubali kurekebishwa. Na aliposhangaa kwa nini wengine wako nje ya mlango, akaangalia lugha iliyoandikwa mlangoni.

Tuna madesa mazuri hapa chuoni yanayokufa kila Julai, mwenyewe akihitimu anaondoka nayo kwenye flashi. Tuna wenzetu wanaoweza programu vizuri lakini kazi zao za mwaka wa mwisho zinafungiwa kabatini, mwaka unaofuata mwingine anaanza sifuri kutatua jambo lilelile. Na tuna maelezo machache mno ya Kiswahili ya mambo tunayoyajua vizuri, eti kwa sababu kompyuta inajua Kiingereza. Mtihani unaanza baada ya wiki tano. Mwenye desa alitoe, aandike jina lake na tarehe juu, na aache nafasi pembeni ya kurekebishwa. Na atakayeliona kosa asilitumie kimya kimya. Amrudishie mwenyewe.